Jiwe la Tatu

Covilhã ni mji uliobandikwa ubavuni mwa mlima
kama stempu iliyokataa kunyooka.
Hapa huna tambarare ya kuegesha hata toroli,
sembuse Peugeot ya miaka ishirini.
Nimepata kipande cha saruji nyuma ya nyumba,
nikalitia gari gia ya kwanza,
jiwe chini ya gurudumu la kulia, jiwe la kushoto,
na la tatu kwa kuwa simwamini mtu.

Fundi Baltasar alitaka euro mia moja na themanini.
Aliitaja bei akitazama viatu vyangu.
Pedi zenyewe nimenunua kwa ishirini na nne,
pakiti ndogo, nzito, kama sabuni ya wageni.

Breki ya mkono iachiliwe kwanza.
Nati zilegezwe kabla ya jeki, gari lingali limekanyaga chini.
Nati ya nne iligoma.
Nikapanda juu ya spana kwa miguu miwili,
mimi Adosinda, miaka hamsini na tisa, kilo sitaulize,
nikaruka.
Ikalia. Ikalegea.
Dirishani kwa jirani pazia likatikisika.

Pedi kuukuu hizi hapa, kiganjani:
unene wa ukucha, na wa ndani hata ukucha haufiki.
Basi majira yote ya baridi tulishuka mlima kwa hiki!
Hospitali, sokoni, mazishi ya Hermínio,
Telmo usukani akijifunza kona,
nami pembeni nikimwambia, breki, breki,
kana kwamba zilikuwepo.

Halafu pistoni.
Imechomoza, lazima irudi ndani, pedi mpya zipate nafasi.
Nikaibana kwa jiliwa. Haikusogea.
Nikabana tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama.
Nikaitukana kwa matusi ya marehemu mama,
yale aliyoyahifadhi kwa ajili ya mapadri na mbuzi.
Saa nzima.
Telmo akatokea mlangoni na kikombe:
"Mama, si umpigie Baba?"
Nikamtazama mpaka kahawa yake ikapoa.

Ndipo nikaona, usoni mwa pistoni,
vijishimo viwili vimekaa kama macho ya kifungo.
Hakuna mtu achongaye shimo bure.

Miaka ishirini na sita nilikuwa kiwandani, kwenye sufu,
kabla hawajafunga na kutugawia saa za ukutani.
Uzi hausukumwi.
Ukiusukuma unajikunja, unakucheka.
Uzi husokotwa.

Nikachukua koleo ya mdomo mrefu,
nikatia ncha zake machoni mwa yule mkaidi,
nikasokota kuelekea kulia, kiganja kikikandamiza.
Robo mzunguko. Robo nyingine.
Ikaingia kama mtu anayesogea kwenye benchi
bila kukiri kwamba amesogea.

Sikupiga kelele. Niliketi tu juu ya saruji,
nikanywa ile kahawa baridi.

Upande wa pili nikamwachia Telmo.
Alianza kwa kusukuma.
Nikamwacha asukume.
Nikapaka grisi pembeni mwa pedi, mbali na uso wake,
nikasafisha boliti ambayo ilikuwa safi tayari,
nikajitia hamnazo,
hadi mwenyewe akainama, akatazama, akanyamaza,
akanyoosha mkono bila kugeuka:
"Nipe koleo."

Kisha nikamkalisha ndani: kanyaga.
Mguu ukazama hadi sakafuni, uso ukamwiva.
Kanyaga tena. Tena. Tena.
Sasa?
"Sasa imekaza."
Kumbuka hivyo kila ukizifunga,
kwanza kanyaga gari likiwa limesimama.

Jumanne, saa kumi na moja alfajiri,
begi, mkate, kazi mpya huko Guarda.
Hakupenda nimbusu, nikambusu.
Akawasha. Gari halikwenda.
Akaongeza mafuta, injini ikanguruma, halikwenda.
Moyo wangu ukashuka: breki zimekamata, nimeharibu,
Baltasar atacheka mpaka Krismasi.

Nikazunguka na tochi.
Lilikuwa jiwe la tatu.

Nililisogeza kwa mguu.
Si haraka sana.